Viwili Juu, Vinne Ndani: Kikomo cha Kupandisha Stelingi ya Baiskeli

Mazungumzo kwa waendeshaji na mafundi wa baiskeli wa Lodwar na Kakuma

 

Mada ya leo ni ndogo kwa macho lakini nzito kwa matokeo. Ni urefu wa stelingi ya baiskeli: inaweza kupandishwa hadi wapi, na ni wapi inapokuwa hatari.

Baiskeli ingali inafanya kazi kubwa katika Kaunti ya Turkana. Pikipiki zimeongezeka, ni kweli. Hata hivyo mitungi ya maji, magunia ya makaa, unga wa dukani na watoto wa shule bado husafiri kwa baiskeli, kutoka soko la Lodwar hadi mitaa iliyo kando ya Turkwel, na kutoka Kakuma mjini hadi kambini na Kalobeyei. Mwenyeji na mkimbizi hununua baiskeli katika soko moja na kuzipeleka kwa fundi mmoja. Kwa hivyo jambo hili linawahusu wote.

Wengi huomba stelingi ipandishwe, na wana sababu. Mzee anaumwa na mgongo akiinama. Mama mwenye mitungi miwili kwenye keria anataka kukaa wima ili aone njia. Kijana amenunua baiskeli ya mitumba iliyoundwa kwa ajili ya mtu anayeshindana mbio, na mikono inamfa ganzi kabla hajafika anakokwenda. Kutaka kukaa vizuri si kosa. Kosa ni kupandisha stelingi kupita kikomo chake, kwa sababu kinachovunjika hapo hakitoi nafasi ya pili.

Bomba lisiloonekana

Gurudumu la mbele limeshikwa na foku. Foku ina miguu miwili, na juu ya miguu hiyo kuna bomba moja linalopanda ndani ya kichwa cha fremu. Bomba hilo huzunguka juu ya beringi mbili, moja chini na moja juu. Stelingi imeunganishwa na bomba hilo kwa kipande kinachoitwa shingo.

Mwendeshaji anaona stelingi na anaona gurudumu, lakini bomba lenyewe limefichwa. Breki ikikatika, bado mtu ana stelingi. Cheni ikikatika, bado ana breki. Lakini bomba la foku likivunjika, stelingi hubaki mikononi huku gurudumu likienda njia yake. Mwendeshaji huanguka kwa uso na kifua, mara nyingi bila kupata muda wa kutoa mikono. Hospitali ya Rufaa ya Kaunti iko Lodwar, na kutoka Kakuma huo ni mwendo wa takriban kilomita 120. Ni afadhali kuzuia.

Somo la mpini wa pampu

Kila anayechota maji kwenye kisima cha pampu ya mkono anajua siri moja. Mtoto akishika mpini karibu na pampu, hawezi kuusukuma. Akishika mwisho wa mpini, maji yanatoka. Nguvu za mtoto hazijaongezeka, ila mpini umekuwa mrefu, na urefu ndio unaozidisha nguvu.

Stelingi ni mpini wa aina hiyo. Kila gurudumu linapogonga shimo, kila breki ya mbele inapobanwa, na kila mwendeshaji anapovuta stelingi kutoka kwenye mchanga wa laga, bomba la foku hupindwa kidogo. Pahali linapopindwa zaidi ni pale linapotoka kwenye beringi ya juu. Kadiri stelingi inavyokaa juu ya beringi hiyo, ndivyo mpini unavyorefuka na ndivyo bomba linavyoumia.

Hesabu yake ni rahisi. Chukua baiskeli yenye kifuniko cha beringi cha sentimita 1, pete za sentimita 3, na shingo yenye kimo cha sentimita 4. Kutoka kwenye beringi hadi katikati ya shingo ni sentimita 1, na 3, na 2: jumla 6. Sasa fundi aongeze pete zifike sentimita 9. Jumla inakuwa 12. Mikono ni ile ile na shimo ni lile lile, lakini bomba linapata mkazo mara mbili.

Tena halivunjiki siku hiyo. Waya wa kufungia ua ukikunjwa mara moja haukatiki. Ukikunjwa huku na huku mara nyingi, unakatika ghafla hata kwa mkono mtupu. Chuma cha baiskeli huchoka namna hiyo hiyo. Ndiyo sababu maneno "nimeiendesha hivi mwaka mzima na haijanifanya kitu" si ushahidi wa usalama. Huenda ufa umekwisha kuanza.

Black Mamba: mstari ulio kwenye shingo

Baiskeli nyeusi za kazi, zile ambazo wengi huziita Black Mamba, zina shingo yenye mguu mrefu unaoingia ndani ya bomba la foku. Ndani yake kuna bolti ndefu inayovuta kabari. Kabari ikivutwa juu, inatanuka na kubana ukuta wa bomba. Kwa baiskeli hizi stelingi hupandishwa kwa kulegeza bolti, kuipiga kidogo ili kabari iachie, kisha kuvuta shingo juu.

Kwenye mguu wa shingo huwa kuna mstari au mikwaruzo iliyochongwa kiwandani. Huo ndio mpaka. Mstari huo haupaswi kuonekana baiskeli inapoendeshwa. Sharti uwe umezama ndani. Kiwango cha kimataifa cha usalama wa baiskeli, ISO 4210, kinasema mstari huo usiwe chini ya mara mbili na nusu ya unene wa mguu, ukipimwa kutoka ncha ya chini. Mguu wa kawaida una unene wa milimita 22.2. Mara mbili na nusu yake ni milimita 55.5, yaani karibu sentimita 6. Viwanda vingi huchonga mstari juu kidogo ya hapo, na huo uliochongwa ndio unaofuatwa.

Kuna sababu mbili. Ya kwanza ni kwamba mguu mfupi ndani ya bomba hauna pa kujishikilia. Hucheza, hupinda na mwishowe huchomoka. Ya pili mafundi wanaifahamu, ingawa wateja hawaioni. Sehemu ya juu ya bomba la foku imechongwa hesi ili nati za beringi zishike. Palipochongwa hesi ukuta ni mwembamba. Shingo ikivutwa juu mno, kabari hutanukia papo hapo penye wembamba, na bomba hupasuka kwa nje bila mtu kujua. Kabari ni lazima ibane chini ya hesi, kwenye ukuta kamili.

Mstari ukiwa umefutika kwa kutu au kupakwa rangi, kipimo cha mkono kinasaidia: vidole vinne vya mtu mzima, vikiwekwa kwa upana, viwe vimezama ndani ya bomba. Hiyo ni karibu sentimita 7. Shingo isiyoweza kufikia mteja ikiwa na vidole vinne ndani ni shingo fupi, inabadilishwa, haivutwi.

Jambo jingine la Black Mamba ni breki zake za vyuma. Shingo ikipanda, vyuma vya breki vinapanda nayo. Breki ya mbele inaweza kubana gurudumu daima, au fundi akiilegeza ovyo, isibane kabisa. Kila stelingi inapoguswa, breki nazo zirekebishwe na zijaribiwe kabla baiskeli haijaondoka kibandani.

Baiskeli za mitumba: pete na kikomo chake

Baiskeli nyingi za gia zinazouzwa zikiwa zimetumika ni za muundo mpya zaidi. Kwa hizo, bomba la foku halina hesi. Linapanda hadi juu ya kichwa cha fremu, na shingo hulikumbatia kwa nje na kubanwa kwa bolti mbili za pembeni. Chini ya shingo hupangwa pete za chuma, alumini au plastiki. Pete zikiwa nyingi, shingo iko juu. Zikiwa chache, iko chini.

Hapa hakuna mstari uliochongwa, na ndipo makosa yanapotokea. Kikomo hutolewa na kiwanda kilichotengeneza foku. Kwa bomba la kaboni, viwanda vingi huweka kikomo cha milimita 30 hadi 40 za pete chini ya shingo. Vipo vinavyotoa kikomo cha milimita 30 hata kwa foku zenye bomba la chuma au alumini. Pete zinazohesabiwa ni zilizo chini ya shingo. Zilizo juu yake hazihesabiwi. Kifuniko cha beringi kikiwa kirefu kama pete, ni busara kukihesabu pia.

Baiskeli za mitumba hazifiki na kitabu cha maelezo. Kwa sababu hiyo kanuni ya tahadhari kwa Lodwar na Kakuma iwe moja: pasipo maelezo ya kiwanda, pete zisizidi milimita 30. Hiyo ni upana wa vidole viwili. Fundi mwenye rula apime kwa rula.

Kujua bomba ni la nini pia si vigumu. Sumaku ya spika ya redio iliyoharibika inatosha. Kifuniko cha juu kinaondolewa, kisha sumaku inagusishwa kwenye ukuta wa bomba lenyewe. Isiguswe kwenye nati iliyo ndani, kwa kuwa hiyo mara nyingi ni chuma na itadanganya. Sumaku ikishika, bomba ni chuma. Isiposhika, kwa kawaida ni alumini au kaboni, na hapo kikomo kinaheshimiwa bila mjadala.

Hatari ya pili imejificha zaidi. Bomba la foku ya mitumba lilikwisha kukatwa kulingana na mwenye baiskeli wa kwanza, na bomba halirefuki. Mteja akitaka pete zaidi, shingo inapanda lakini bomba linabaki pale pale. Bolti ya juu ya shingo inabana hewa. Kwa nje kila kitu kinaonekana sawa, maana kifuniko kimefunika.

Ukaguzi wake ni wa dakika moja. Kifuniko cha juu kikiondolewa, ncha ya bomba iwe chini ya ukingo wa shingo, au wa pete iliyo juu ya shingo, kwa milimita 3 hadi 5 tu. Ikiwa imezama sentimita nzima au zaidi ndani ya shingo, pete zipunguzwe mara moja, hata kama mteja atalalamika.

Hata mabingwa huanguka

Asidhani mtu kwamba haya huwapata maskini wenye baiskeli kuukuu tu. Mwaka 2006, katika mashindano ya Paris–Roubaix nchini Ufaransa, yanayopita kwenye njia za mawe, mwanabaiskeli Mmarekani George Hincapie alikuwa miongoni mwa waliotarajiwa kushinda. Bomba la foku yake lilivunjika akiwa mwendoni. Stelingi ilibaki mikononi, akaanguka na kuumia bega, na mashindano yakaishia hapo kwake. Huyo alikuwa na baiskeli ya gharama kubwa na mafundi wa timu nzima. Mapema siku hiyo hiyo alikuwa amekwisha kuanguka mara moja.

Funzo ni kwamba bomba lililopigwa halipaswi kuaminiwa kabla ya kukaguliwa. Baiskeli iliyogongwa na pikipiki, au iliyotumbukia kwenye korongo la laga ikiwa na mzigo, ifunguliwe na foku ichomolewe itazamwe. Kunyoosha stelingi kwa kubana gurudumu katikati ya magoti na kuendelea na safari hakutoshi.

Yasiyofaa kabisa

Kuchomelea kipande cha bomba la maji juu ya bomba la foku au juu ya shingo kusifanywe hata kidogo. Moto wa kuchomelea hubadilisha nguvu ya chuma kando ya kiungo, na hapo ndipo kitakatika. Zaidi ya hayo, mpini umerefushwa bila kipimo.

Kupanga washa, vipande vya bomba la plastiki au mpira wa tairi mahali pa pete hakufai pia. Vitu hivyo hubonyea, shingo hulegea, na bomba huanza kugongwa badala ya kubanwa.

Kutundika mitungi kwenye stelingi ni hatari ingawa stelingi haijapandishwa. Mtungi wa lita 20 una uzito wa kilo 20 za maji. Mitungi miwili, mmoja kila upande, ni kilo 40 zinazorushwa juu na chini kwa kila shimo, zikining'inia kwenye bomba ambalo halikuundwa kwa kazi hiyo. Maji yana keria yake nyuma.

Njia salama za kukaa wima

Anayetaka kukaa vizuri ana njia kadhaa zisizogusa kikomo. Ya kwanza ni kugeuza shingo. Shingo nyingi za baiskeli za gia zina mwinamo; ikiwa imefungwa ikitazama chini, ikigeuzwa itazame juu stelingi inapanda bila kuongeza pete hata moja.

Ya pili ni kubadilisha stelingi yenyewe. Stelingi iliyopinda juu na kurudi nyuma, kama ile ya Black Mamba, huleta mikono karibu na mwili. Mgongo unanyooka ingawa shingo haijapanda. Fundi ahakikishe unene wa stelingi unalingana na mdomo wa shingo, wala asijaze nafasi kwa bati la mkebe.

Ya tatu ni kutazama kiti. Mara nyingi anayelalamikia stelingi ana kiti kilicho nyuma mno, au ncha yake imeinama na kumsukuma mbele. Nacho kiti kina mstari wake wa mwisho kwenye nguzo, na unaheshimiwa vivyo hivyo.

Ya nne inasemwa kabla ya pesa kutoka mfukoni: kununua baiskeli inayomtosha mtu. Fremu ndogo kwa mtu mrefu haitibiwi kwa pete.

Ukaguzi wa asubuhi

Kabla ya mzigo wa kwanza, mwendeshaji asimame mbele ya baiskeli, abane gurudumu katikati ya magoti na kuzungusha stelingi kwa nguvu za kawaida. Ikizunguka peke yake, shingo imelegea. Kisha abane breki ya mbele na kuisukuma baiskeli mbele na nyuma. Ikigonga, beringi zimelegea. Mlio mkavu unaotoka shingoni kila anapovuta stelingi, mstari wa kutu unaozunguka bomba, au stelingi inayopinda upande mmoja kila siku ni dalili za kumpeleka mtu kwa fundi kabla ya kwenda kisimani.

Bolti nazo zina kipimo. Bolti ndogo za shingo ya alumini kwa kawaida hukazwa kwa nguvu ya takriban nyutoni mita 5. Asiye na spana ya kupimia afikirie hivi: ni uzito wa mtungi wa lita 5 uliojaa maji, ukining'inia kwenye spana sentimita 10 kutoka kwenye bolti. Kukaza kwa bomba refu lililopachikwa kwenye spana hukata hesi au kupasua shingo. Na ieleweke kwamba bolti ya kifuniko cha juu kazi yake ni kurekebisha beringi tu. Zinazoshika stelingi ni bolti za pembeni.

Neno kwa mafundi

Mteja anayekataliwa kibanda kimoja hukimbilia cha pili. Fundi mwaminifu hupoteza pesa ya siku hiyo, na yule asiyejali huipata. Hilo ni gumu, hasa pale ambapo kazi ni chache. Dawa yake ni mafundi wa eneo moja, wa mjini na wa kambini, kukubaliana juu ya kipimo kimoja na kukitaja kwa maneno yale yale kwa kila mteja. Mteja akisikia jibu moja katika vibanda vitatu, ataelewa kwamba si fundi mvivu anayemkatalia, ni chuma kinachokataa.

Nao wateja watambue kwamba fundi anayesema "hapana, haipandi zaidi" amefanya kazi. Amefungua, amepima, ametoa ushauri. Anastahili malipo yake na shukrani.

Ndugu wakazi, ya kukumbuka ni machache. Pete chini ya shingo zisizidi vidole viwili, isipokuwa kiwanda kimesema vingine. Mguu wa shingo uwe na vidole vinne ndani ya bomba, na mstari wake usionekane. Kilichoanguka kikaguliwe. Kisichofika kwa kipimo kibadilishwe, kisichomelewe. Viwili juu, vinne ndani: mtoto wa shule anaweza kukariri, na mzee anaweza kupima kwa mkono wake mwenyewe.